Ufunguo Uliogoma Asubuhi ya Kidato cha Kwanza

Enzi zetu pale Makongeni, hakuna kitu kilichoharibika chenyewe. Redio ikinyamaza, kuna mtu aliyeigusa. Maziwa yakichacha, kuna jirani aliyeyatazama. Nyinyi mliokulia huko mnajua. Nyumba zetu za reli ziligusana mgongo, tulichota maji kwenye bomba moja, tukaazimana chumvi na pasi ya makaa, na tukashukiana kwa moyo wote. Sisi wasichana tuliruka bladda iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu ya baiskeli mpaka harufu ya githeri ituite ndani, na tulipokaa kula tulisikia kupitia ukutani jirani akituombea. Baba alikuwa akisimamisha kijiko ili asikilize kama anatuombea mema.

Baba alikuwa karani wa reli, mtu wa kalamu mbili mfukoni na stakabadhi za kila kitu. Mwaka nilipofanya mtihani wa darasa la nane alinunua gari, kuukuu, rangi ya samli, kutoka kwa mzee aliyekuwa akistaafu kurudi kwao. Kwenye safu yetu nzima ya nyumba halikuwepo jingine. Sidhani alilinunua ili aende mahali. Alilinunua lionekane limesimama.

Mlango wa pili alikaa Nekesa, rafiki yangu tangu shule ya chekechea. Baba yake aliendesha lori la kiwanda kimoja cha unga kule Industrial Area, na jioni alirudi na nyusi nyeupe kama babu. Halafu barua za kidato cha kwanza zikaja. Mimi niliitwa shule ya bweni upande wa Machakos. Nekesa aliitwa shule ya kutwa, ya kwenda kwa miguu. Kuanzia siku hiyo, kila Baba Nekesa alipotusalimia, baba aliitikia kwa adabu nyingi mno, kisha akafunga mlango na kumwambia mama, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Siku moja kabla ya kuripoti, baba aliliosha gari, akaiacha milango wazi viti vikauke, akaingia ndani kunywa chai. Nekesa nami tukaingia garini. Yeye ndiye alikuwa dereva.

"Madam, unashukia wapi?"

"Machakos."

"Aii, mbali hivyo? Shika hapo vizuri, usianguke uniletee kesi."

Akazungusha usukani, akipiga honi kwa mdomo. Nikamwambia zamu yangu sasa. Nikauzungusha nami, kwa nguvu zaidi, mpaka gurudumu la mbele likajibana kwenye jiwe la ukingo na usukani ukalia tak! Tulijaribu kuurudisha. Haukurudi.

"Umeuvunja," nikasema.

"Nani? Sisi wawili," akasema Nekesa. "Usiseme."

"Na wewe usiseme."

Tukaruka nje, tukaenda kuruka bladda kama malaika. Muda huohuo Baba Nekesa akapita akitoka kazini. Akalizunguka gari mara moja, akapiga teke dogo kwenye tairi, jinsi madereva wafanyavyo. "Baba Mwende, hili sasa ni gari!" akaita. Baba alikuwa dirishani na kikombe chake. Aliliona teke. Sifa ile aliiona mbaya zaidi.

Asubuhi, sanduku langu la bati likapakiwa, na godoro juu yake. Barua ilisema wazi kwamba asiyeripoti kabla ya saa kumi nafasi yake itapewa mwingine. Baba akaingia amevaa tai, akatia ufunguo. Haukuzunguka.

Akautoa, akaupuliza, akaufuta kwa shati. Haukuzunguka. Akaupaka risasi ya penseli, kisha tone la mafuta ya cherehani ya mama. Akautia juu chini, chini juu. Akashika usukani, nao ulikuwa mgumu kama nguzo. Akashuka taratibu, akatazama milango ya majirani mmoja baada ya mwingine.

"Gari hili limechezewa," akasema.

Mama akaweka mkono juu ya boneti akaomba, jicho moja wazi. Kwenye bomba ndoo zilijaa na kumwagika, hakuna aliyezibeba. Mama alipotaja basi, baba akamkatiza. Alikuwa ameshawaambia watu wa ofisini, wa kanisani na wa safu nzima kwamba binti yake ataenda kwa gari.

Baba Nekesa akatoka na kikombe cha chai. "Jirani, shida si ufunguo huo. Hebu nikushikie hapo."

"Asante. Bado sijashindwa."

Saa nne. Akaitwa fundi kutoka gereji za Jogoo Road. Akachungulia, akasema avunje kitasa chote aunganishe nyaya. Baba akamtimua. Gari lisilohitaji ufunguo, alisema, ni zawadi kwa wezi, na pengine huyo fundi ametumwa. Saa tano. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, nikibanwa na godoro, sketi mpya ikiniwasha. Nilijua ni tak ile. Nilijua pia kwamba nikisema, nitaripoti shuleni siwezi kukaa.

Saa sita mama akakunja mikono. "Baba Mwende, mtoto ni wako au gari ni lako?"

Baba akasogea pembeni. Baba Nekesa akampa mtu kikombe chake, akaingia. Kwa mkono wa kushoto aliutikisa usukani kidogo huku na huku, polepole, kama anayembembeleza mtoto. Kwa ule wa kulia akazungusha ufunguo. Gari likanguruma. Kwenye bomba wakapiga vigelegele.

"Ni stelingi tu iliyokaza," akasema akishuka. "Kuna mtu aliizungusha gari likiwa limezimwa, gurudumu likaegemea jiwe."

"Mtu gani?" baba akauliza.

Yule akacheka. "Sasa mimi nitajuaje?"

"Aliyefunga ndiye ajuaye kufungua," baba akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye bomba.

Vigelegele vikakatika. Baba Nekesa akachukua kikombe chake, akakitazama ndani, akaingia kwake. Nekesa alibaki mlangoni. Hakumtazama baba, alinitazama mimi. Sentensi nzima ilikuwa mdomoni mwangu, maneno matatu tu: ni sisi wawili. Nikainama nikaanza kuisoma orodha ya mahitaji: sabuni, kiberiti, pasi ya makaa. Gari likaondoka.

"Umeona?" baba alimwambia mama njia nzima. "Dakika moja! Dakika moja tu!" Tuliripoti saa tisa na nusu.

Nilirudi likizo ya Aprili nikamkuta Nekesa akiruka bladda na wasichana wa safu nyingine. "Niaje," nikasema. "Wewe ulijua," akanijibu, na hakukosa hata hatua moja. Mwaka uliofuata walihama.

Vijana wa leo hawataelewa. Mwanangu anabonyeza kitufe gari likawaka. Lisipowaka anaiuliza simu, na simu haimshuku mtu. Kwenye ghorofa ninamoishi tuna kamera kila kona, na jirani wa mlango wa pili ninamjua kwa viatu tu, anavyoviacha nje. Sina ugomvi naye. Nikikwama, naye hatatoka na kikombe chake cha chai.

Mwaka jana nilimwambia baba ukweli. Ni mzee sasa, na mimi nina shahada mbili, nikadhani umri na elimu vinatosha kunilinda. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulikuwa na nani humo ndani?"

"Na Nekesa."

"Aha!" Akapiga paja. "Nilijua tu kuna mkono wa nyumba ile."

Chai yake ilikuwa inapoa.

"Walihamia wapi?" akauliza baadaye.

Nikamwambia sijui.

"Alikuwa jirani mzuri, yule," akasema. Akafungua mdomo kama anayetaka kuongeza "lakini", nikangoja. Hakuongeza.