Mama Chupa na Vimea Vilivyopauka

Saa mbili asubuhi, Mama Chupa ananawa mikono hadi viwikoni, anafuta meza kwa spiriti, kisha anaupitisha mdomo wa chupa ya kwanza kwenye moto. Ndani mna maji ya bahari yenye rangi ya chai nyepesi. Rangi hiyo ni vimea vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vinavyolisha karibu bahari nzima.

Anadondosha matone machache kwenye chupa yenye maji mapya, anaifunga, anahamia nyingine. Kazi hii ya uhudumu wa maabara ameifanya miaka kumi na miwili. Mumewe, fundi cherehani, hupenda kuwaambia wageni, "Huyu ana watoto wengi kule kazini kuliko hapa nyumbani."

Siku hizi mzaha huo haumchekeshi.

Vimea alivyokabidhiwa vilikuwa vya aina moja, ila havikufanana. Vingine vilikua upesi na kukoza rangi. Vingine vilijikongoja, vimepauka. Mtafiti mkuu, ambaye wote humwita Daktari, alitaka kujua vipi vitahimili bahari ikizidi kupata joto. Agizo lilikuwa moja tu: kila chupa ilelewe kivyake.

Lakini Mama Chupa amekulia kwenye kitalu cha miche cha mama yake, ambako mche dhaifu hung'olewa ili wenzake wapate nafasi. Basi kila alipoona chupa imepauka, aliimwaga kwenye sinki na kuijaza upya kutoka kwenye iliyokoza.

"Niliambiwa nisichanganye. Nikajiona najua kulea," anasema bila kuinua macho. "Na rafu ilipendeza, we acha tu! Kila mgeni alinisifu."

Mwaka jana joto la kabati zinamotunzwa chupa likapandishwa. Haikupita wiki, chupa zote zikawa maji matupu. Vile vya kujikongoja, ambavyo jaribio dogo la mwanzo lilionyesha vinavumilia joto, havikuwapo tena. Alikwenda kukiri mwenyewe.

"Daktari hakunifokea. Alikaa kitini akaniuliza, 'Zote, mama?' Nikamwambia zote. Bora angenifokea, ningepata usingizi."

Nyumbani, mumewe alijaribu kumpoza. "Maji yakimwagika hayazoleki, mke wangu."

"Najua," alimjibu. "Niliyamwaga mimi."

Kurudi kuchota vingine si rahisi. Ghuba ndogo ya maji ya kina kifupi vilikotoka imefukiwa kwa kifusi, na juu yake limejengwa ghala. Maji mapya yamechotwa ufuko wa jirani, na hakuna ajuaye kama vilivyopotea vimo.

Anatakiwa kustaafu mwisho wa mwaka huu. Ameomba aongezewe mmoja, avilee hivi vipya vyote, vizuri kwa vibaya. Bado hajajibiwa.

Anaishika chupa iliyopauka kuliko zote na kuibadilishia maji.

"Nisipokipata nilichokipoteza," anasema, "angalau nistaafu bila kumwaga kingine."