Tanga Lenye Kiraka cha Mwavuli

Mtanisamehe mwandiko. Shule niliiachia darasa la nane, na mkono wangu huenda polepole kama mtu anayevuka matope na ndoo kichwani. Ukikuta herufi imekaa mahali si pake, tafadhali isogeze mwenyewe na uendelee kusoma. Sijazoea kuandika mambo marefu. Lakini Jumapili iliyopita nilitoka Mamboleo kwenda soko la Kibuye kutafuta sweta, na nilichokiona huko hakitaki kukaa ndani yangu kimya.

Kilikuwa kivuli tu. Mama mmoja muuza mitumba alikuwa amefunga kitambaa kikubwa juu ya vijiti kuzuia jua. Zamani kilikuwa cheupe. Kwenye pembe moja palikuwa na kiraka cheusi chenye maua mekundu, kimeshonwa kwa uzi wa nyavu. Nikasimama chini yake nikitazama juu.

"Wewe msichana," akasema, "unanunua nguo ama unahesabu mawingu?"

Nikamuuliza kile kitambaa kilitoka wapi.

"Nilikikuta kimefunika mzigo wa mtu. Hicho si cha kuuza, ni kivuli. Ukitaka kivuli kaa, hicho ni bure."

Nikakaa.

Mimi nililelewa na nyanya, upande wa Nyakach, mahali ambapo ukifungua mlango asubuhi unasikia ziwa kabla hujaliona. Nyanya alifinyanga vyungu. Siku ya soko tulivipeleka Pap Onditi vikiwa vimepangwa kwenye nyasi kavu, na kazi yangu ilikuwa kuvigonga kwa kifundo cha kidole kabla ya kumpa mteja. "Chungu kizima huimba," nyanya alikuwa akisema. "Chenye ufa hukohoa." Nilipenda kazi hiyo kwa sababu haikuhitaji kuongea. Nilikuwa mtoto wa aibu. Nikiulizwa jina, nilitazama vidole vya miguu.

Siku moja mwalimu wetu alituambia kwamba kuna hoteli mjini inayoacha michezo ya majini, na imekubali kuipa shule boti moja ndogo ya tanga. Zilikuwa mbili, tuchague. Darasa letu lilipanda lori tukaimba njia nzima. Boti zenyewe hazikufanana na mashua za kwetu. Kila moja ilikuwa na mitumbwi miwili myembamba iliyounganishwa kwa vyuma, na katikati turubai limekazwa kama kitanda cha kamba. Moja ilikuwa ya buluu, inang'aa. Nyingine ya manjano, imechubuka kama magoti ya mtoto mtukutu. Wote wakaikimbilia ya buluu.

Mimi nikazigonga. Sijui kwa nini, ni mazoea tu. Ya manjano iliimba pande zote mbili. Ya buluu, upande mmoja ulikohoa. Nikamnong'oneza mtoto wa jirani, kijana aliyekuwa na mdomo wa watu wawili, wake na wangu.

"Mwalimu," akapaza sauti, "huyu anasema boti ya buluu ina kifua."

Walicheka mpaka wakashika matumbo. Mwalimu hakucheka. Aligonga, akaweka sikio, kisha akafungua kizibo cha nyuma. Maji meusi yalimwagika yakinuka majani yaliyooza. Tukarudi Nyakach na ya manjano.

Watoto wakaibatiza siku hiyo hiyo. Kwetu pacha wa kwanza akiwa wa kiume ni Opiyo na anayemfuata ni Odongo, kwa hiyo mtumbwi wa kushoto ukawa Opiyo na wa kulia Odongo. Mwalimu alitufundisha kuivalisha. Mmoja alikanyaga mguu wa mlingoti usiteleze, wawili waliusukuma juu wakitembea, na mwingine alivuta kamba ya mbele. Halafu waya tatu zilifungwa, mbele na pande mbili. Pini moja ilikuwa imepotea, tukapinda msumari mahali pake. Tanga lilipanda likipigapiga, na sauti hiyo mpaka leo naiweka pamoja na sauti ya uji wa mtama ukichemka. Ni sauti za asubuhi njema.

Lakini mimi nilivalisha tu, sikupanda. Vijana wa ufuoni walisema mashua ikibeba msichana samaki huhama. Mwalimu aliwajibu, "Hii haivui samaki, kwa hiyo hawana haja ya kuhama." Hilo likaisha. Lililobaki lilikuwa nyanya. Babu yangu alichukuliwa na ziwa kabla sijazaliwa. Mashua ilipinduka, wenzake wakaishikilia mpaka wakaokolewa, yeye akaiacha akaogelea kuelekea nchi kavu. Tangu hapo hakuna mtu wa boma letu aliyekanyaga chombo cha majini.

Mwalimu alikuja kumwomba. Nyanya alimpa kiti na uji wenye ndimu, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, mimi sikatai aende," akasema. "Nakataa asirudi. Ipindueni hapa mbele yangu. Akiirudisha mwenyewe, apande kila siku. Akishindwa, asiniombe tena."

Usiku sikuomba kitu kingine kwa Mungu.

Siku ya kujaribu nyanya alikalia karai lililopinduliwa, ukingoni. Nilivaa jaketi la kuelea, mtoto wa jirani akiwa pamoja nami, tukaipindua kwa makusudi. Tanga likalala juu ya maji. Nilifanya kama tulivyofundishwa. Nikaogelea hadi puani pa boti nikaigeuza ielekee upepo, nikarusha kamba juu ya Odongo aliyekuwa angani, nikasimama juu ya Opiyo aliyekuwa majini, nikashika kamba nikaegemea nyuma mpaka mgongo ukagusa mawimbi. Mwalimu alikuwa amesema usishindane nayo, ngoja upepo uingie chini ya tanga. Tanga liliinuka kidogo. Likarudi. Likainuka, likarudi.

"Ulikula nini asubuhi?" akauliza mtoto wa jirani, akielea kando.

"Uji."

"Basi ndiyo shida. Huna uzito hata wa kuku."

Mwisho mlingoti ulishika tope, tanga likachanika pembeni, na vijana wakaja kutuvuta. Nyanya alichukua karai lake akapanda njia ya nyumbani.

Asubuhi iliyofuata nilienda kuteka maji kama kawaida. Nikazamisha mtungi wa plastiki wa manjano ukanywa ukashiba. Nikauvuta ndani ya maji kwa kidole kimoja. Halafu nikauinua, na hapo ndipo ukawa mzito, kama siku zote, mpaka shingo ikalalamika. Nimeteka maji tangu nikiwa mdogo na sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Maji ndani ya maji hayana uzito. Yanaupata ukiyatoa.

Nilirudi mbio. Nyanya alikuwa anakanda udongo. Ilibidi niongee mwenyewe, mtoto wa jirani hakuwepo.

"Dani," nikasema, maana ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, "naomba siku moja tena. Na mtungi."

Aliacha kukanda. Nadhani hakuwa amewahi kunisikia nikiomba jambo mara mbili.

"Mtungi ni wangu," akasema. "Ukipotea utaufuata."

Jioni hiyo tulifunga mtungi mtupu kwenye turubai la boti. Vijana waliuliza kama tunaenda kucheza ama kutafuta maji ya kunywa. Tuliipindua. Niliugeuza mtungi ukajaa, nikakaza kifuniko, nikaufunga mgongoni kwa leso kama mtoto mchanga. Nikasimama juu ya Opiyo, nikashika kamba, nikaegemea nyuma. Safari hii ziwa lenyewe lilikuwa linaniegemea mgongoni. Tanga likaondoka majini polepole likimwaga maji, upepo ukaingia chini yake, na ghafla Odongo akaja chini kama aliyekumbuka kwao. Mtoto wa jirani akapiga yowe nikinge kichwa. Nilishikilia tu. Nilikumbuka babu aliyeiachia yake.

Ilipotulia nilifungua mtungi, nikayarudisha maji ziwani, nikapanda.

Nyanya hakupiga makofi. Alisimama, akakaza leso kiunoni, akaita kutoka ukingoni, "Mtungi upo?"

"Upo, Dani."

"Haya."

Usiku huo alichukua mwavuli wake wa kanisani, mweusi wenye maua mekundu, akaukata. Akashona kiraka kwenye tanga lililochanika, kwa uzi wa nyavu, mishono ya kubana. Jumapili zilizofuata alienda kanisani na jua kichwani.

Siku hizo hazipo tena. Mwalimu alihamishwa, magugu yakafunga maji, kisha ziwa likapanda likameza banda letu na ufuo wenyewe. Tukasikia boti imeuzwa, wengine wakasema imevunjika. Mtoto wa jirani yuko Nairobi, na nasikia amepunguza kuongea.

Yule mama wa Kibuye nilimweleza yote haya nikiwa nimekaa chini ya kivuli chake. Sijui nilivyoweza. Akatafuna muwa mpaka mwisho, akasema, "Niletee turubai zima, uchukue tanga lako. Jua halizuiwi na hadithi." Siku iliyofuata nikalipeleka, na tanga nikalibeba Nyakach.

Macho ya nyanya sasa yamefifia. Nililiweka mapajani pake. Vidole vikatembea mpaka vikafika kwenye maua, vikafuata mishono, kwenda na kurudi.

"Haijafumuka," akasema. Halafu akauliza, "Na wale mapacha wako wapi?"

Ndiyo maana naandika. Kwetu sasa wapo watoto wengi wanaoliogopa ziwa na wanaolitamani, na tanga tayari ninalo, na mtungi. Kama umeona mahali mtumbwi mwembamba wa manjano, hata mmoja, hata kama kuku wanalala ndani, ugonge. Ukiimba, niandikie. Nitajibu, ila unipe muda, mkono wangu mnaujua.