Damu Iliyosema Mama Amepona

Karatasi ya maabara ilisema mama yangu yuko sawa. Yeye mwenyewe alikuwa jikoni kwetu Kalamba, mwezi wa kumi, jua likichoma mabati, amevaa sweta mbili na kuniuliza kwa nini sijafunga mlango.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa nasoma kemia chuo kikuu Nairobi, na sikuwa namwamini mtu yeyote aliyevaa koti jeupe. Daktari wa hospitali ya misheni alikuwa ametueleza kwamba tezi ya shingoni mwa mama imelegea, haitoi homoni ya kutosha, na kwamba tembe moja kila asubuhi ingejaza pengo hilo. Miezi ikapita. Uso wake ulibaki umevimba, sauti nzito, na alisinzia akiwa na ungo wa ndengu mapajani. Lakini kila alipotolewa damu, jibu lilikuwa lilelile: kiwango cha kawaida.

Daktari aliamini karatasi. Mimi niliamini ule uso.

Nilianza kuishuku maabara. Damu ilisafirishwa hadi Nairobi ndani ya sanduku, na nani alijua ilichanganywa na ya nani? Nilimuuliza karani wa hospitali kama kuna mgonjwa mwingine mwenye jina kama la mama. Akaniambia nusu ya wanawake wa Makueni wana jina hilo, nichague ninayemtaka. Kisha nikazishuku tembe zenyewe. Niliuma moja, ikawa na ladha ya chaki, na kwa siku kadhaa nikaamini tunauziwa chaki. Mwisho nikamshuku daktari, hasa aliposema kwamba wanawake wa umri huo huchoka tu, pengine ni mawazo.

Nilichotaka ni mama aongezewe dawa. Daktari alikataa: ikizidi, moyo unaweza kuumia. Nilisikia hilo kama kisingizio cha mtu mvivu, na kusema kweli nilikuwa karibu kumwongezea mwenyewe nyumbani.

Kwenye maktaba ya chuo nikasoma kwamba kuna kipimo cha pili. Ubongo nao hutoa homoni yake ya kuiamuru tezi ifanye kazi, na tezi ikizembea, amri hiyo hupanda. Nilirudi na maelezo hayo nikiwa nimejiandaa kwa vita.

"Haya, profesa," daktari akasema, "tupime na hicho chako."

Majibu yalipokuja, nikaenda na mama kuyasikia. Kipimo cha kwanza kilisema dawa inatosha. Cha pili kilikuwa juu sana, kikisema haitoshi hata kidogo. Nilidhani nimeshinda. Daktari aliziweka karatasi zote mbili pamoja, akasema homoni ya kwanza hubadilika upesi, inatuambia kilichomezwa siku hizi za karibuni. Ya pili huenda polepole, inatuambia habari za wiki nyingi. Kisha akaniacha, akamgeukia mama na kumwongelesha kwa Kikamba. Alimuuliza kama alimeza jana. Ndiyo. Juzi je? Ndiyo. Na Jumapili?

"Jumapili?" mama akashangaa. "Jumapili nachimba nini?"

Yote yakatoka. Siku ya kwanza daktari alimwambia dawa hii itamrudishia nguvu za kufanya kazi, na mama alilichukua neno hilo kama lilivyosemwa. Wanawake wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana, walichimbiana matuta shamba baada ya shamba, na aliyekaa chini kupumzika aliulizwa kama ameletewa kiti cha chifu. Mama hakutaka kiti hicho. Siku za mwethya alimeza, na udongo ukiwa mgumu alimeza mbili. Kabla ya kuja hospitali pia alimeza siku kadhaa, kwa sababu ya safari. Siku za kukaa nyumbani na za kanisani hakuona sababu ya kupoteza dawa.

Nikamuuliza daktari mbona hakuwahi kumuuliza. Akasema aliuliza kila mara.

"Uliniuliza kama natumia dawa," mama akasema. "Natumia."

Daktari akanigeukia tena. Alisema kama angenisikiliza mimi, siku za udongo mgumu mama angekuwa anameza mara mbili ya dozi iliyoongezwa, jembe mkononi, juani, na moyo ungeumia.

Tulipotoka nje, mama alisimama kivulini.

"Wewe unamwamini?"

Nilisema naamini karatasi zote mbili kwa sasa. Ameze kila siku, afanye kazi au asifanye, kisha tupime tena.

"Na nikiona ni bure?"

"Tutarudi pamoja kumuuliza, mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa Kikamba chetu.

Jumapili iliyofuata alimeza tembe yake kwa maji matupu, kabla ya chai, mbele yangu. Kisha akaketi akingoja dawa ifanye kazi, akinitazama kama mtu anayemtazama aliyemuuzia mbuzi.