Likizo ya Langkawi Tuliyoificha

Kwa miaka kumi na mitano nimekuwa mkalimani katika hospitali moja huku ughaibuni, upande wa Maplewood. Daktari husema, nami humfikishia mgonjwa kwa Kiswahili. Mgonjwa husema, nami humrudishia daktari. Mara nyingi jamaa wamenivuta kando kwenye ujia, wakinisihi neno fulani lisimfikie mzee wao. Huwajibu kwamba humo ndani mimi sina kinywa changu mwenyewe, na kwamba mtu ana haki ya kujua yaliyo mwilini mwake. Wengine wameniita mkavu wa moyo. Nayataja haya ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyeketi mezani, majira ya baridi yaliyopita, akapanga na mumewe kumficha mama yake safari.

Ilikuwa safari ya likizo, siku kumi katika kisiwa cha Langkawi, Malaysia. Mume wangu ndiye aliyekichagua. Yeye hufanya kazi katika ofisi moja huko Plymouth, na tangu tuje nchi hii hatujapata kuchukua likizo isiyokuwa ya kwenda kwetu Mombasa. Na kila anayeishi huku anajua kwamba kwenda nyumbani si kupumzika. Ni harusi, ni matanga, ni kupita nyumba thelathini kusalimia, kisha kurudi kazini umechoka kuliko ulivyoondoka.

"Nataka bahari isiyonijua," alisema. "Nikae mchangani, asije mtu kuniuliza kwa nini nimenenepa."

"Na mama?"

"Kwa mama tutakwenda mwezi wa nane, kama kawaida. Akijua tumempita tukaenda kuogelea kwa watu, itamuuma bure. Asiambiwe."

Kwetu pwani kuficha safari si jambo geni. Watu hawatangazi mpaka wafike, kwa kuogopa kijicho. Mimi nimesoma vya kutosha, na sijapata kuamini kwamba jicho la jirani laweza kuangusha ndege. Lakini siku ile desturi hiyo ilinifaa, nami niliipokea bila kuihoji. Iliniwezesha kuiita aibu yangu hadhari.

Basi tukapanga. Jumamosi asubuhi, theluji ikiwa imefika nusu ya mlango wa gereji, tulikaa na chai tukilinganisha hoteli, tukisoma habari za mashua zinazopita kwenye mikoko, tukijadili kama tuchanjwe homa hii au ile. Nilijua joto la Langkawi la kila siku kabla ya kujua la mlangoni petu. Nilijua kwamba Januari huko ni kukavu. Mume wangu, aliyezoea kunitania kwa kuniita Kadhi kwa ajili ya ukali wangu, alisema hajawahi kuniona nikiandika orodha ndefu hivyo ya vitu visivyokuwa makosa ya watu.

Mama alikuwa na desturi ya kunipigia kila Ijumaa, kwangu asubuhi, kwake jua likielekea kuzama. Hakuwahi kujifunza kuishika simu mbali, kwa hiyo kilichonijia kila wiki kilikuwa paji la uso na jicho moja. Kuanzia Novemba hata hilo sikuliona. Mdogo wangu, anayeishi naye, aliniambia kamera ya simu imeharibika. Wiki iliyofuata mama alikuwa amelala. Iliyofuata alikuwa msalani. Kisha zikaanza kuja sauti zilizorekodiwa, fupi fupi, na ya mwisho ilinifikia katikati ya Januari: "Mwanangu, mimi sijambo. Msiwe na wasiwasi. Mvua hii tu ndiyo inayotutia adabu."

Niliisikiliza mara moja, nikamjibu kwa dua, nikarudi kwenye mikoko. Na ni lazima niseme ukweli hapa: nilikuwa nimepata nafuu. Maadamu hakuwa akiniona, sikulazimika kumwambia uongo machoni.

Jumamosi ya pili yake nilikwenda Cedar-Riverside, penye maduka ya watu wa kwetu, kununua nguo nyepesi. Mwenye duka ni mtu wa Mombasa, na jamaa zake wanakaa mtaa mmoja na wetu. Alikuwa amerudi kutoka huko wiki ile ile, uso wake bado ukiwa na rangi ya jua. Nilichagua madera mawili ya pamba.

"Hizi nguo za nchi ya joto hizi, dada," alisema. "Mwaenda kumwona mama?"

"Inshallah," nilisema. Nilikuwa nimelichukua jina la Mungu kufunikia uongo, na nilijua hivyo nilipokuwa nikilitamka.

"Mtajipepea mpaka mikono iume. Ni jua tupu. Tangu nifike mpaka naondoka sikuona tone."

"Mama asema mvua imewatesa."

Aliacha kulikunja dera. "Mvua ya wapi, dada? Mwezi wa kwanza huu."

Nilisimama pale na pochi mkononi. Mtu wa pwani gani asiyejua kwamba wakati wa upepo wa kaskazi hakuna mvua? Nilikuwa nimejifunza majira ya kisiwa cha watu hata nikayasahau ya nyumbani kwetu. Au sikuyasahau, bali sikutaka kuyakumbuka.

"Ulipita kwetu?" nilimuuliza.

"Nilipita kuwajulia hali."

"Wamwonaje mama?"

Alitazama mlangoni, kana kwamba kuna mteja anayeingia. Hapakuwa na mtu. "Safari yenu lini?"

"Mwisho wa mwezi."

Akalikunja dera upya, pole pole, pembe kwa pembe. "Nendeni mapema," alisema. "Mwisho wa mwezi ni mbali."

Katika gari niliketi bila kuwasha injini, hata pumzi yangu ikaganda kwenye kioo. Utazamaji ule wa mlangoni naujua. Nimeuona kwa wana, kwa wajukuu, kwa wake za watu, kila mara daktari anapoanza kusema na mgonjwa wao. Tofauti ni kwamba mimi husimama upande wa wanaojua. Safari hii nilikuwa nimewekwa upande mwingine, na mtaa mzima, kutoka nyumbani kwetu hadi duka lile, ulikuwa umekubaliana kunyamaza.

Nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa mezani na karatasi za hoteli. "Kadhi, mbona umenuna? Wamekosa saizi yako?"

Nilimweleza. Alizikusanya karatasi, akazigeuza uso chini. "Piga," alisema.

Mdogo wangu alipokea haraka. "Dada, leo si Ijumaa."

"Nionyeshe mama."

"Amelala."

"Mwamshe."

Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imechoka. "Dada, uko mbali. Ungeambiwa ungefanya nini, ungelia na theluji? Mama mwenyewe alikataza. Alisema mwaja mwezi wa nane, msivurugiwe kazi zenu. Zile sauti alizirekodi zote siku moja, Novemba, alipokuwa bado aweza kukaa."

Nilikuwa na maneno tayari. Yalikuwa maneno mazuri, juu ya haki na ukweli, na nimeyasema kwa watu wengi kwenye ujia. Niliyaacha, kwa sababu mume wangu alikuwa akinitazama, na karatasi za hoteli zilikuwa bado mezani.

"Sisi tulikuwa twaenda Malaysia," nilisema. "Mwisho wa mwezi huu. Tuliwaficha."

"Malaysia kuna nini?"

"Bahari."

Alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Bahari," alirudia. Kisha akawasha kamera, ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Kitanda kilikuwa kimehamishiwa sebuleni, karibu na mlango. Juu yake palikuwa na mtu mdogo sana, aliyefunikwa khanga mpaka kifuani, mikono nje, mikono ambayo niliitambua kabla ya uso. Mdogo wangu aliisogeza simu. Mama alinitazama kwa muda mrefu, kama anayesoma maandishi yaliyofifia.

"Waja lini?" aliuliza.

Mume wangu alikuwa ameshafungua kompyuta, akitafuta ndege. Mimi nilifikiri juu ya ruhusa ya kazini, juu ya mkalimani wa kushika nafasi yangu, juu ya siku zinazohitajika kupanga mambo hayo kwa utaratibu.

"Ijumaa, mama," nilisema.

Alifumba macho, sikujua kama ni kwa kuridhika. Mdogo wangu aliichukua simu akatoka nayo uani, nami nikaona ukuta chini ya taa, kamba ya nguo, mwezi katika anga kavu bila wingu, halafu uso wake.

"Ijumaa ipi, dada?" aliuliza. "Hii au ile nyingine?"

Nilikuwa nimekusudia ile nyingine. Macho yangu yalikwenda kwenye kalenda, naye akaelewa.

"Usingoje Ijumaa," alisema.