Rangi Nyekundu Chini ya Sinia

Nna hasira mpaka leo. Waliponitoa kwenye michezo ya kuigiza ya televisheni wakanipa kipindi cha mapishi, hakuna aliyeniuliza kama najua kupika. Kosa langu liko wapi? Nikamwendea jirani yangu Bi Time, mpishi wa harusi, akanipikia biriani kwa siri, akanipakulia kwenye sinia lake.

Studioni tulikuwa tunaonekana moja kwa moja. Nikakoroga sufuria tupu, nikajifuta jasho lisilokuwepo. Mwisho nikalinyanyua sinia juu, kama malkia niliyemwigiza zamani.

"Biriani hii mkono wangu," nikasema, "na sinia kaniachia mama."

Haya, masinia ya harusini huchanganyika, kila mtu huandika jina lake chini. Sikatai. Lakini ndo liandikwe kwa rangi nyekundu, tena kwa herufi kubwa vile? Na sisi Unguja nasi lazima tuwe na televisheni ya rangi, miaka hiyo Bara hawana hata ya nyeusi na nyeupe!

Mpiga picha akasahau kazi yake, akapaza sauti Unguja nzima ikasikia:

"Bi Rukia, si sinia la Bi Time hilo? Ndo maana biriani inanukia vile vile kama ya harusini kwangu!"