Majani Ambayo Bibi Hakuyataja

Ndugu yangu, ukiona mtu mzima ananusa vichaka kando ya njia Kisarawe, usimcheke. Huyo nilikuwa mimi. Wiki ile, hospitali moja ya huku Kibaha, daktari alitazama picha ya tumbo langu akasema ini limejaa mafuta, na likiachwa litaharibika. Niliogopa, nisikufiche. Nikamuuliza kuhusu dawa za majani. "Watafiti wanayachunguza," akasema, "ila bado sina la kukuandikia. Usije ukajinywea tu. Punguza mafuta na sukari, utembee."

Mimi huyo nikakimbilia kwa shangazi, Kisarawe. Marehemu bibi alikuwa akiwachemshia majani watu wa "tumbo zito", na ule uchungu wa mvuke wa chungu chake naukumbuka mpaka leo; ndio niliokuwa nikiutafuta kwa pua vichakani. Alichuma asubuhi, kimya kabisa. Mwiko wake: jani likiwa mkononi halitajwi jina. Siku moja kiherehere changu kikaniponza, nikauliza, "Bibi, hili linaitwaje?" Alimwaga kikapu chote! Tukarudi mikono mitupu, mgonjwa akangoja hadi kesho. "Mdomo wako huo, mjukuu wangu!" Sikuuliza tena. Laiti ningejua!

Shangazi naye hayajui majani hayo. "Hakumwambia mtu," akasema huku akimenya muhogo. Kisha akacheka. "Ila masharti umeyasahau? Kikombe hakupi mpaka uache vitumbua na vya kukaanga vyote. Na maji ukateke kisimani mwenyewe, kwa miguu, kila siku. Tena nyumba nzima tulikula chukuchuku, bila tone la mafuta, ili mgonjwa asitamani." Maneno ya daktari yaleyale!

Basi nikafunga safari ya masharti bila majani. Kila alfajiri natembea mtaa wetu wote wa Picha ya Ndege, chipsi nimeziaga, na mke wangu na watoto wanakula chukuchuku pamoja nami bila kununa. Juzi daktari alisema mafuta yamepungua.

Vichaka vya bibi sasa ni viwanja vya watu. Labda majani yale yalikuwa na nguvu, labda hayakuwa nayo; hakuna tena wa kumwonyesha mtafiti, na hilo linaniuma sana. Nilipotoka hospitali sikwenda kazini. Nilikwenda kaburini kwake, nikachuchumaa, nikasema, "Shikamoo, bibi. Ahsante, nimepata nafuu." Nikalia kama mtoto.