Mama Mkwe Aliyekalia Majani

Kuna siku moja ya mwezi wa kumi, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu. Mvua za kwanza zilikuwa karibu. Milima yote inayozunguka mji wetu wa Likasi ilikuwa myeusi, maana kila mtu alikuwa amechoma: wakulima wakisafisha mashamba, watoto wakitafuta panya. Nami niliondoka mtaani kwetu Kikula mapema, kiberiti mfukoni, kwenda kuchoma shamba la wazazi wa Ngalula, nyuma ya kambi ya zamani ya wafanyakazi kule Panda.

Ngalula ndiye mama wa nyumba yangu hadi leo. Wakati ule alikuwa bado mchumba. Baba yake, Papa Mbuyi, alifanya kazi kiwandani muda mrefu, na kazi zilipopungua akabaki na jembe. Nilipokwenda kumposa binti yake alinitazama mikono, hakunitazama viatu.

"Kijana, tumesikia," alisema. "Sasa ile shamba ya kule nyuma, ulime musimu moja. Ghala ikijaa, tutapanga ndoa. Isipojaa, utangoja."

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa jembe siku ya kwanza.

Na shamba lenyewe lilikuwa limechoka. Mahindi juu ya mahindi kila mwaka, na kila mwaka mabua yanachomwa. Udongo wake mwekundu ulikuwa mgumu kama tofali. Mvua ikinyesha, maji yalikimbia juu yake hadi bondeni bila kuingia. Msimu uliotangulia lilitoa magunzi mengi kuliko mahindi.

Kabla sijaendelea, ujue heshima yetu sisi wenye asili ya Kasai. Kijana hamtazami usoni mama wa mchumba wake, wala hasemi naye, mpaka siku atakapotoa zawadi ya kufungua kinywa. Naye mama hasemi na kijana. Kwangu desturi hiyo ilikuwa raha tupu. Nilikuwa mtu wa haya, niliyemaliza shule ya msingi tu, na hata muuza mkate nilimwonyesha kidole kuliko kumwambia ninachotaka.

Basi asubuhi ile nilikusanya mabua na majani makavu, nikafanya lundo kubwa. Ndipo Mama Kapinga, mama yake Ngalula, akafika akivuta mbuzi wake kwa kamba. Akasimama nyuma yangu.

"Weye mbuzi," alisema, "unaona ule kijana? Anapenda kuchoma chakula ya udongo."

Mbuzi alitafuna. Mimi nikageukia upande wa pili, maana ndiyo heshima.

"Mbuzi, minye nasema na weye. Umuambie ile majani ni ya kuzika ndani ya matuta. Moto ikipita, inabakia paka majivu tu, na mvua ya kwanza inapeleka majivu ku mutoni."

Nilisikia kila neno, mwanangu. Lakini maneno yalikuwa ya mbuzi, na mtu mwenye adabu hasikilizi mazungumzo ya wengine. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sawa. Wahenga hawakusema afanyeje yule ambaye mkuu wake anazungumza na mbuzi. Nikatoa kiberiti.

Mama Kapinga akapita kando yangu, akaketi juu ya lundo. Alikaa vizuri, akanyoosha miguu, akapanga kikwembe chake, kile kitenge cha kiunoni, kama mtu aliyewahi kanisani.

Ningefanya nini? Kumwambia aondoke, siwezi. Kumtazama, siwezi. Kuwasha moto, usiseme. Nikabaki nimempa mgongo, kiberiti mkononi. Wanawake wa shamba la jirani wakaacha kulima.

"Eh, Mama Kapinga," mmoja aliita, "leo umepata kiti?"

"Nimepata. Iko laini kabisa."

"Na mukwe wako anangoja nini?"

"Mumuulize mbuzi."

Walicheka mpaka wakaegemea majembe. Jua lilikuwa limepanda sana Papa Mbuyi alipotokea. Alimtazama mke wake juu ya lundo, akanitazama mimi, akamtazama na mbuzi.

"Mama, unafanya nini pale?"

"Nachunga majani."

"Na weye, kijana?"

Nikamweleza. Nilisema shamba lililochomwa huwa safi, majani yaliyozikwa huleta wadudu, na tena ndoa yangu imo ndani ya ghala hili, kwa hiyo siwezi kufanya mchezo. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa.

Papa Mbuyi akakuna kichwa. "Miaka yote tunachoma hapa," alisema. "Na miaka yote mama anasema tusichome. Minye njo nilikuwa nakatala. Sasa angalia ile udongo. Jaribu ya mama. Ikishindwa, binti yake atagombana na yeye, hapana na minye."

Mama Kapinga akasimama, akapangusa kikwembe, akaenda zake na mbuzi. Mimi nikachimba mifereji ya kukata mteremko, nikalaza majani ndani, nikayafunika kwa udongo hadi yakawa matuta. Juu yake nilipanda mahindi, na katikati ya mahindi maharagi. Mgongo uliniuma hadi nikawaonea wivu waliochoma.

Halafu roho yangu ikaruka. Mahindi yaliota, kisha yakawa ya manjano, manjano kabisa, wakati ya majirani waliochoma yalikuwa kijani kama Jumapili ya Matawi. Wale wanawake hawakuninyamazia. "Mukwe," walisema, "ile majani inakula ndoa yako."

Nilikwenda sokoni Kikula, Ngalula alipokuwa akiuza mboga za lengalenga, nikamwambia mama yake amenimaliza. Alicheka, akaniacha nilinde meza, akaenda kumuuliza. Aliporudi alisema:

"Mama anasema udongo ilikuwa na njaa ya siku mingi. Ukimupatia chakula, anakula yeye kwanza, njo kisha anapatia mahindi. Anasema umusaidie, usilie."

Msaada wenyewe ulikuwa mavi ya kuku yaliyolazwa chini ya kifuniko mpaka yakapoa kabisa, maana mabichi huunguza mizizi. Papa Mbuyi naye alitoa mbolea kidogo ya dukani, aliyokuwa ameificha kwa ajili ya nyanya zake. Niliipima kwa kifuniko cha chupa ya soda, nikaiweka kando ya kila shina, mbali kidogo nalo, nikaifukia. Polepole mahindi yakageuka rangi.

Katikati ya majira ya mvua, mvua ikakatika. Mahindi ya majirani yalikunja majani kama mtu anayejikunyata. Yetu yalisimama. Nilifukua tuta moja kwa mkono: ndani udongo ulikuwa mweusi, baridi, wenye minyoo. Si kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Muhogo ambao Mama Kapinga aliagiza tupande bondeni ulikaa ndani ya maji ukaoza wote. Alimwambia mbuzi kwamba lile lilikuwa shauri la mbuzi.

Siku ya kuingiza mavuno, Papa Mbuyi alisukuma mlango wa ghala. Haukufungika. Akasukuma kwa bega, ukakataa.

"Sawa," alisema. "Muite padri."

Nikapeleka zawadi ya kufungua kinywa, kuku na kikwembe kipya. Nilipiga magoti mbele ya Mama Kapinga, na ndugu wote wakasogea wasikie neno la kwanza atakaloniambia. Alipokea. Akanitazama usoni.

"Mabua ya hii musimu," alisema, "umeyatia wapi?"

"Yako shambani, Mama. Nimeyalaza."

"Basi karibu, mwanangu."

Sasa mwanangu, nakuona una shamba lako, na mwezi wa kumi si mbali. Kiberiti kiache jikoni. Majani uliyoyapata shambani yarudishe shambani, na matuta yako yakate mteremko ili maji yapumzike. Usipande mahindi peke yake mwaka hadi mwaka. Maharagi na karanga huacha nguvu ardhini zinapoondoka. Mbolea ya dukani nunua kama unaweza, sikukatazi, lakini hiyo ni chumvi tu. Majani na samadi ndiyo bukari, ndiyo ugali wenyewe, na hakuna mtu anayeshiba chumvi. Ukiona manjano mwanzoni usikate tamaa. Aliyelala njaa siku nyingi hula kwanza kabla ya kushukuru. Na shauri jema likija kwa njia ya upande, halikuelekezwa kwako, halina adabu ya kukutazama usoni, wewe lisikilize tu.

Mungu aibariki mikono yako. Mvua ikukute umeshapanda, na wageni wakukute umeshapika.